Gitaa la vifungo vya mama na springi za pikipiki: nimelichambua la Brian May baada ya langu kugoma

Kwenye ukuta wa kibaraza chetu kuna shingo ya gitaa imening'inia kwenye msumari, haina freti hata moja, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ina miezi saba pale. Wageni wanauliza huo ni mwiko wa ugali wa shughuli au nini, na mimi siku hizi nishachoka kueleza, nasema ndio ni mwiko. Ni ya gitaa la umeme nililojaribu kutengeneza mwenyewe. Shingo yenyewe ni mninga mkavu kabisa niliopata kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa, ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo unapobonyezea nyuzi, ni mpingo, mpingo ule wa Lindi unaozama ukiuweka kwenye maji, nilihangaika nao mpaka msumeno ukaisha meno na mninga ukanifanya nipige chafya wiki nzima maana vumbi lake lina ugomvi na pua. Ukilitazama unalitamani. Lilipopigwa, jirani yangu ambaye hajui hata gitaa lina nyuzi ngapi alichungulia dirishani akauliza kama limeharibika.

Nilipokwama ndo nikarudi kwenye kisa cha gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, lile linaloitwa Red Special, ila safari hii sikukisoma kama shabiki wa Queen, nilikisoma kama fundi aliyeharibu mali. Kisa chenyewe wengi mnakijua juu juu: kijana wa miaka 16 hana hela ya gitaa, anakaa na baba yake wanaokota mbao na vyuma vya ovyo nyumbani, wanatumia pauni 8, na gitaa hilo akaja kulipiga kwenye viwanja vya mpira. Kinasimuliwaga kama mahubiri, kwamba acha visingizio, hata wewe unaweza na ulichonacho. Mimi nilikimeza hivyohivyo na kwa kweli kimenitia hasara, kwa sababu ukikaa nacho taratibu unaona kinachosemwa pale ni kitu kingine kabisa.

Tuanze na mazingira. Ni Agosti 1963, Feltham, kitongoji cha magharibi ya London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Brian kazaliwa Julai 1947 kwa hiyo ndo katimiza 16. Gitaa la Fender Stratocaster kutoka Marekani, ambalo ndo kila kijana alikuwa analiota, lilikuwa linauzwa zaidi ya pauni 100, na nyumba yao ilikuwa ya watu wa kawaida tu. Tayari alikuwa na gitaa dogo la kawaida alilopewa na wazazi alipofikisha miaka 7, akalifungia sumaku na koili alizotengeneza mwenyewe ili lisikike kwenye redio. Kwa hiyo kijana hakuanzia sifuri, hilo wasimuliaji wanaliruka.

Na kuna kitu kingine wanaruka kikubwa zaidi, nacho ni mzee mwenyewe. Harold May alikuwa mtu wa elektroniki na michoro ya kiufundi kwenye wizara iliyoshughulika na usafiri wa anga. Yaani mchana kutwa kazi yake ni kuchora na kupima vitu ambavyo vikikosewa ndege inaanguka, jioni anarudi nyumbani kwenye chumba kimejaa tupa, jiliwa, keekee na chuma cha kuchomea risasi. Yeye na mwanae walishatengeneza darubini ya kutazama nyota kabla ya hilo gitaa. Sasa ukisema gitaa liligharimu pauni 8 ni kweli kwa maana ya hela iliyotoka mfukoni, ila hiyo bei haimhesabu mzee, na wala haihesabu miaka karibu miwili ya jioni na wikiendi. Ukimwajiri mtu wa aina ile kwa saa zote zile nadhani ungeweza kununua Stratocaster ukabakiwa na ya amplifaya.

Hapo ndo nilianza kushtuka, maana mimi mzee wangu alikuwa mwalimu wa jiografia.

Haya, mbao. Shingo ilitoka kwenye meko, ile fremu ya mbao inayozunguka sehemu ya kuota moto sebuleni kwenye nyumba za kizungu, ya karne ya 18, rafiki wa familia alikuwa anaitupa. Mahogani, ndugu wa mbali wa mkangazi wetu. Ilikuwa imebunguliwa, ina matundu ya bungua, wakayaziba kwa njiti za kiberiti wakasonga mbele. Tena aliichonga kwa mkono, na ikabaki nene kuliko shingo za madukani, nene haswa, watu waliowahi kuishika wanasema ni kama kushika rungu. Mwili wa gitaa sehemu ya katikati ni mwaloni wa meza ya zamani, na pembeni ni blokbodi. Ndio, blokbodi, hiyohiyo ambayo fundi wa Keko anakutengenezea kabati la nguo halafu unamlaumu kwanini hajatumia mbao. Juu na chini wakabandika vinia, yaani ganda jembamba la mbao, ya mahogani, pembeni wakazungushia ile plastiki nyeupe ya kumalizia kingo za shelfu. Ndani wakaacha matundu makubwa, makusudi, kwa sababu kijana alitaka gitaa ambalo likisogezwa karibu na spika linaitikia, linaanza kuimba lenyewe. Walipanga hata kukata tundu la nje kama la fidla na hawajawahi kulikata mpaka leo.

Halafu ubao wa vidole, hapa ndo nilicheka peke yangu usiku. Ni mwaloni, mbao ya rangi ya chai ya maziwa, wakaupaka rangi nyeusi ufanane na magitaa ya bei. Mimi huku nina mpingo halisi, mbao ambayo Wazungu wanaisafirisha kutoka kwetu kwenda kutengeneza klarineti na obo, nimeisugua kwa msasa mpaka inang'aa kama kioo, na lao la kupaka rangi linaimba langu halifai. Alama za kuonyesha freti ni vifungo vya gamba la chaza kutoka kwenye boksi la kushonea la mama yake, Ruth, kavichonga kimoja kimoja vikawa vidoa vya mviringo.

Kwa hiyo upande wa mbao na urembo hawa watu hawakuwa na maringo yoyote. Njiti za kiberiti, kabati, rangi. Watu wanaishia hapa wanasema umeona, takataka tupu. Sasa twende upande ambao hawakufanya utani hata kidogo.

Gitaa lenye tremolo, kwa asiyejua, ni lile lenye kimkono pale kwenye brigi, kile kipande cha mwilini kinachobeba nyuzi, ukikisukuma nyuzi zinalegea sauti inazama, ukikiachia inarudi. Tatizo ni hiyo kurudi. Nyuzi sita zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 30 hata kama ni nyembamba, na kila mahali uzi unapogusa kitu kuna msuguano, kwenye kile kipande cha mfupa pale mwanzo wa shingo, kwenye brigi, kwenye vile vifungo vya kukazia. Ukilegeza halafu ukaachia, uzi unakwama sehemu kidogo tu, kidogo ambacho jicho halioni, sikio linaona. Magitaa ya dukani ya miaka ile yalikuwa yanasumbua hapo, unapiga kimkono mara mbili unaanza kutuni upya katikati ya wimbo.

Walichofanya ni kuwinda msuguano popote ulipo. Brigi nzima waliikalisha juu ya makali ya chuma kigumu, chuma cha kisu kilichonolewa, inayumba pale kama mkono wa mizani ya zamani ya duka la mchele, ile ambayo fundi akiijua kazi yake hata punje inaisogeza. Upande mmoja nyuzi zinavuta, upande wa pili springi mbili za valvu kutoka kwenye pikipiki ya Panther ya mwaka 1928 zinasukuma. Pale nyuzi zinapopita juu ya brigi, badala ya uzi kukwaruza chuma, unapita juu ya viroleni, yaani vigurudumu vidogo, kila uzi na kiroleni chake, vimetengenezwa kwa mkono kimoja kimoja. Upande wa kichwa wakaweka freti sifuri, yaani freti ya ziada pale uzi unapoanzia, kwa hiyo kile kipande chenye mifereji kinabaki na kazi moja tu ya kuongoza uzi usihame, hakibebi uzito. Kichwa chenyewe wakakilaza kidogo sana, na vifungo vya kukazia vikapangwa ili kila uzi uende moja kwa moja bila kukunja kona. Kimkono ni chuma cha kushikia begi nyuma ya siti ya baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia ya mama.

Soma tena hiyo orodha lakini safari hii usiangalie vitu vimetoka wapi, angalia vinafanya nini. Springi ya pikipiki wangeweza kuokota yoyote, ila ilibidi iwe na nguvu ya kusawazisha na nyuzi. Kisu ilibidi kiwe chuma kigumu kweli la sivyo makali yanabonyea na mizani inakufa. Sindano ya kufumia, hiyo sasa hata ingekuwa mfuniko wa kalamu hamna tatizo. Hawa watu walijua kila kipande kina kazi gani ndo wakaenda kutafuta takataka inayofanana na hiyo kazi, na sisi tunaosikia hadithi tunakumbuka neno takataka tu.

Ngoja niseme na hili la kukosea, kwa sababu kuna sehemu walikosea na ndo sehemu iliyonifundisha zaidi.

Pikapu. Najua kwetu pikapu ni gari la kubebea mchanga, ila kwenye gitaa la umeme ni kile kiboksi chini ya nyuzi, sumaku zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku unavuruga uga wa sumaku, kwenye koili kunazaliwa umeme mdogo, huo ndo unaenda kwenye amplifaya. Kijana na baba yake wakatengeneza za kwao tatu, wakachukua sumaku ndogo zenye umbo la kifungo za Eclipse, wakazungusha waya kwa mashine ya kienyeji waliyotengeneza yenye kuhesabu mizunguko. Zikalia, na kwa noti za kawaida zilikuwa safi.

Ila sumaku walizipanga kwa kupokezana, moja kaskazini juu, inayofuata kusini juu, hivyohivyo mpaka mwisho. Kwa uzi uliotulia mahali pake hamna shida. Shida inakuja ukifanya kile ambacho wapiga gitaa la umeme wote wanakifanya, kuvuta uzi pembeni ili sauti ipande kama mtu analia. Uzi unapovutwa pembeni unatoka juu ya sumaku ya kaskazini unaelekea juu ya jirani yake wa kusini, na umeme kwenye koili unageuka mwelekeo njiani, kwa hiyo katikati ya safari sauti inachafuka badala ya kupanda vizuri. Kwenye karatasi ule mpangilio hauna kosa lolote. Kosa linaonekana siku mtu anapopiga kwa hisia.

Sasa, mtu mwenye kichwa ngumu, mfano mimi, angesema nimeshahangaika nazo miezi, watu watazoea. Brian akaenda kununua. Pikapu tatu za Burns Tri-Sonic, kampuni ya Uingereza, za dukani kabisa. Na hata hizo hakuziacha, zilikuwa zinapiga filimbi karibu na amplifaya kwa sababu waya ndani unatikisika, akazijaza gundi ya Araldite zikakaa kimya. Kwa hiyo gitaa maarufu kuliko yote yaliyotengenezwa nyumbani, kile kinachotoa sauti yenyewe kilinunuliwa dukani. Hiki kipande kwenye mahubiri hukisikii, kinaharibu hadithi, wakati kwangu mimi ndo pale unapoona huyu ni fundi, amekubali kwamba kitu chake kimoja hakifai akakitoa.

Mimi nilipofika hapo kwenye langu nilichukua waya wa shaba kwa jamaa anayeriwaindi mota za pampu. Akanipa kwa moyo mmoja, tena akaniuliza mota ya nguvu ngapi. Tatizo waya wa mota ni mnene, na pikapu ya gitaa inataka waya mwembamba kama unywele, mizunguko 7,000 au 8,000 kwenye kiboksi kinachoenea kiganjani. Nilipata mizunguko 400 hivi kiboksi kikajaa kikafura kama andazi. Nikafunga, nikachomea risasi, nikawasha amplifaya ya kwaya niliyoazima, nikapiga uzi. Nilichosikia ni mngurumo wa umeme wa nyumba nzima na kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, gitaa. Nikakaa na hiyo pikapu wiki tatu nikijaribu kuisaidia. Wiki tatu!

Nirudi Feltham. Swichi zao nazo zina akili. Kila pikapu ina swichi mbili, moja ya kuwasha na kuzima, ya pili ya kugeuza mwelekeo wa umeme wake, na pikapu zote zimeungwa kwa mfululizo kama betri kwenye tochi, sio sambamba kama Stratocaster. Nilikaa nikahesabu: kila pikapu ina hali tatu, imezimwa, iko kawaida, imegeuzwa, tatu mara tatu mara tatu ni 27, toa ile ya zote kuzimwa zinabaki 26, na kwa kuwa ukizigeuza zote kwa pamoja sikio halisikii tofauti, gawa kwa mbili. Sauti 13 kwenye gitaa moja. Akiwasha mbili kwa mwelekeo tofauti zinakatana baadhi ya mawimbi na inabaki sauti nyembamba ya puani, akiziweka mwelekeo mmoja inatoka nene kama asali. Zile solo zake ambazo kila moja ina rangi yake, nyingi ni hizi swichi tu, na sarafu ya peni sita anayotumia badala ya piki ya plastiki, kile kidude cha kukwanyulia nyuzi.

Kuna kitu kidogo nje ya mada ila siwezi kukiacha. Mwaka 1964, gitaa likiwa bado liko mezani halijaisha, familia moja ya Waparsi kutoka Mji Mkongwe Zanzibar, waliokimbia baada ya Mapinduzi, ilihamia Feltham hiyohiyo, mitaa michache tu kutoka nyumba ya akina May. Walikuwa na kijana wao aliyezaliwa Unguja Septemba 1946, Farrokh Bulsara, ambaye baadae dunia ikamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Hawakufahamiana wakati huo, mpaka miaka ya mwisho ya 60 kupitia rafiki wa chuo. Lakini nikifikiria huyu dogo wa Shangani anapita barabarani na koti lake la baridi, na kwenye nyumba ya jirani kuna tupa inakwaruza chuma, huwa natabasamu tu.

Sasa freti, maana hapa ndo maiti yangu ilipolala.

Gitaa lao lina urefu wa uzi wa inchi 24, yaani milimita 609.6 kutoka freti sifuri mpaka brigi, na freti 24. Freti hazipangwi kwa jicho. Kila freti inapandisha sauti hatua moja, na hatua 12 lazima zifike kwenye nusu kamili ya uzi, kwa hiyo nafasi zinapungua kwa uwiano uleule kila mara. Mafundi wanagawa urefu uliobaki kwa 17.817. Kwenye la Brian nafasi ya kwanza inatoka milimita 34.2, ya mwisho kabisa kule juu inatoka milimita 9 na kidogo. Ukikosea milimita moja kwenye nafasi ya kwanza umekosea kidogo, ukikosea milimita hiyohiyo kule mwisho umekosea sehemu moja ya tisa ya hatua nzima, na hiyo hata jirani wa dirishani anaisikia. Kijana anayepeleka freti mpaka ya 24 kwenye gitaa lake la kwanza lazima awe anaamini vipimo vyake kweli, na alikuwa na mtu nyumbani wa kumkagua.

Mimi yangu ilikuwa milimita 648. Hesabu nilifanya, na nilifanya sawa kabisa, 36.37, halafu 34.33, halafu 32.40 na kuendelea. Ila nilikuwa na tepu ya fundi wa madirisha, nikasema hizi desimali nani anaziona, nikazungusha zote kwenda milimita nzima: 36, 34, 32. Na kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, kila freti nilipima kuanzia kwenye iliyotangulia badala ya zote kuanzia mwanzo. Kwa hiyo kila kosa dogo likapanda mgongoni kwa lililopita. Freti ya 12 ambayo ilitakiwa kukaa 324 ikakaa 321 na nusu. Juzi nimejumlisha upya zile namba nilizozungusha zinafika 323, yaani kuzungusha peke yake kulinila milimita moja, iliyobaki ni penseli nene na upana wa msumeno.

Nilipoligundua nikafanya ujanja, nikasogeza brigi ili freti ya 12 iwe sawa. Ikawa sawa. Freti ya 3 ikaharibika. Nikarudisha nusu, zikaharibika zote mbili kwa usawa, angalau hakuna aliyependelewa. Ndo hapo nikang'oa freti zote kwa koleo, moja moja, nikatundika shingo ukutani.

Kinachoniuma sio hela ya mninga. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa makini mahali ambapo wao walikuwa wazembe, na nilikuwa mzembe mahali ambapo wao walikuwa makini, yaani niligeuza kisa kichwa chini miguu juu huku nikidhani nakifuata. Siku nne nzima nilizitumia kusugua mpingo ung'ae. Freti niliziweka alama kwa jioni moja, tena mechi ilikuwa inaendelea kwenye redio.

Kilichofuata kwa lile gitaa ni habari ndefu na wengi mnaijua. Brian alikwenda kusoma fizikia Imperial College, akaanza shahada ya udaktari (PhD) kuhusu vumbi la angani kwenye mfumo wa jua, akauacha mwaka 1974 kwa ajili ya bendi, na Mzee Harold hakufurahi hata kidogo, wakapitia kipindi kirefu hawaongei vizuri. Hebu fikiria, yule mzee ndo alimshikia mbao wakati anakata. Shahada akaja kuimaliza 2007, akiwa na miaka 60, vumbi lilelile. Mwaka 2002 alisimama juu ya paa la kasri la Buckingham, kwenye jubilei ya Malkia, akapiga wimbo wa taifa la Uingereza akiwa na meza ya mtu na meko ya mtu mikononi. Na mwishoni mwa miaka ya 90 fundi mmoja wa Australia, Greg Fryer, alilifungua akalikarabati, zaidi rangi ya nje iliyochakaa na mikwaruzo ya miaka, na akatengeneza nakala baada ya kulipima kila kona. Mashine ya springi na kisu ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Jumamosi iliyopita nilishusha mwiko ukutani. Mifereji ya zamani nimeijaza vumbi la mpingo na gundi, ukipitisha ukucha huisikii. Nimenunua rula ya chuma ya sentimita 60 yenye nusu milimita, kwa sababu hela ya ile ya sentimita 100 haikutosha, na kwa freti 22 haihitajiki, ya mwisho inaishia milimita 466 na kidogo. Nimeibana na klampu mbili isisogee, nimekata risasi ya penseli ikawa kama wembe, halafu nikaitupa nikatumia wembe wenyewe. Zote kuanzia sifuri. Nimeshaweka alama 9. Ya 10 giza liliingia na umeme ukakatika, na nimemwambia kila mtu humu ndani hiyo klampu isiguswe.